Kusoma Majibu ya Wanafunzi: Mwongozo wa Kurekebisha Ufundishaji kwa Takwimu na Teknolojia

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari anafahamu kwamba alama za kalamu nyekundu ndani ya zoezi hubeba habari nyingi kuliko jumla inayoandikwa chini yake. Wanafunzi wawili wanaweza kupata 6 kati ya 10, mmoja akiwa amekosa maswali manne ya hapa na pale kwa haraka, na mwingine akiwa amekosa maswali yote manne yanayohusu dhana moja asiyoielewa kabisa. Kitabu cha alama kitawaandika sawa, ilhali kesho asubuhi wanahitaji kufundishwa kwa namna mbili tofauti. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuiokoa habari hiyo kabla haijamezwa na jumla, kwa vifaa ambavyo mwalimu anavyo au anaweza kuvipata, na jinsi ya kuitumia kubadilisha kipindi kinachofuata.

Anza na uamuzi unaokukabili

Walimu wengi wanaotaka kuingiza teknolojia darasani huanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo bora, na wakishaipata ndipo huanza kuitafutia kazi. Mpangilio huo ndio unaozaa majedwali yasiyofunguliwa tena. Mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza jedwali lenye safu 14, kuanzia mahudhurio hadi idadi ya mara ambazo kila mwanafunzi alinyoosha mkono, na muhula ulipokwisha niligundua kwamba sikuwa nimebadilisha hata kipindi kimoja kwa sababu yake. Takwimu zilikuwa sahihi, ila hazikujibu swali lolote nililokuwa nimejiuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya chochote, andika sentensi moja inayotaja uamuzi utakaoufanya na siku utakapoufanya. Kwa mfano: "Jumatano nitaamua kama darasa zima liendelee na kujumlisha desimali au libaki kwenye kulinganisha thamani zake." Kisha ongeza masharti yake: majibu yakiwa haya nitafanya hivi, yakiwa yale nitafanya vile. Ukishindwa kuyaandika masharti hayo, maana yake ni kwamba utafanya jambo lile lile vyovyote majibu yatakavyokuwa, na katika hali hiyo hakuna haja ya kuwapa wanafunzi jaribio wala kujipa kazi ya kulisahihisha.

Mwaka 1967 mwanafalsafa Michael Scriven alitenganisha aina mbili za tathmini: ile inayofanywa ili kuboresha kazi ikiwa bado inaendelea, na ile inayotoa hukumu baada ya kazi kukamilika. Katika elimu tumezoea kuziita upimaji endelevu na upimaji tamati. Neno "endelevu" limewapotosha wengi, kwa kuwa hudhaniwa kwamba kutoa majaribio mara kwa mara kunatosha. Majaribio kumi ambayo alama zake zinasubiri tu kujumlishwa mwisho wa mwaka ni upimaji tamati uliokatwa vipande kumi. Kinacholifanya jaribio liwe endelevu ni kwamba kipindi kinachofuata kinaweza kubadilika kwa sababu yake.

Tunga maswali ambayo majibu yake ya makosa yana maana

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mwalimu anapopaswa kutumia muda wake mwingi, kwa sababu hakuna programu inayoweza kutoa habari ambayo swali lenyewe halikuiuliza.

Tuchukue kulinganisha desimali. Swali la kwanza linamtaka mwanafunzi achague namba iliyo kubwa kuliko zote kati ya A) 0.4, B) 0.35 na C) 0.125. Jibu sahihi ni A. Mwanafunzi anayezisoma tarakimu zilizo baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima ataona 4, 35 na 125, naye atachagua C. Kosa hili linafahamika na walimu wengi. Lipo kosa la pili ambalo halionekani kwa urahisi: wapo wanafunzi waliojifunza kwamba sehemu ya elfu ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, wakahitimisha kwamba namba yoyote yenye tarakimu nyingi baada ya nukta lazima iwe ndogo. Mwanafunzi wa aina hii atachagua A, atapata alama, na mwalimu ataendelea mbele akiamini kwamba ameelewa.

Sasa tuangalie swali la pili: A) 0.6, B) 0.85 na C) 0.274. Jibu sahihi ni B. Anayeamini kwamba tarakimu nyingi humaanisha ukubwa atachagua C, na anayeamini kinyume chake atachagua A. Kila fikra ina herufi yake. Maswali haya mawili yanafanana sana kwa macho, lakini la kwanza linachanganya aliyeelewa na aliyepatia kwa sababu isiyo sahihi, wakati la pili linawatenganisha. Ukiwapa wanafunzi yote mawili, mwenye A na B ameelewa, mwenye C na C ana fikra ya kwanza, na mwenye A na A ana fikra ya pili. Hilo halitaonekana kamwe ukiandika tu kwamba wawili wa mwisho wamekosa.

Utaratibu wa kutunga maswali ya namna hii hauhitaji utaalamu wa ajabu. Chukua madaftari ya mada uliyoifundisha zamani, kusanya majibu ya makosa yaliyojirudia, kisha jiulize kila moja lilitokana na hatua gani ya kufikiri. Mwanafunzi anayeandika kwamba 52 ukitoa 27 unabaki na 35 hakukisia. Alitoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu. Anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Majibu hayo ndiyo yanayofaa kuwekwa kama chaguo katika swali, badala ya namba zilizobuniwa ili kujaza nafasi. Chaguo ambalo hakuna mwanafunzi yeyote angelifikia kwa njia yoyote ya kufikiri halifundishi chochote, na mara nyingi humpunguzia tu anayekisia idadi ya majibu ya kukisia.

Masomo ya lugha hayana herufi za kuchagua, lakini yana makosa yanayohesabika. Unaposahihisha insha, tumia alama fupi tatu au nne pembezoni, kwa mfano moja ya upatanisho wa kisarufi, moja ya alama za uandishi na moja ya aya isiyokuwa na hoja inayoendelezwa, halafu hesabu kila alama imetokea kwenye insha ngapi. Zisizidi nne. Mwalimu anayejiwekea alama 12 huacha kuzitumia kabla ya kufika katikati ya rundo.

Jedwali rahisi linalotosha

Programu ya lahajedwali ya kawaida (kama Excel), iwe kwenye kompyuta au simu, inatosha kwa karibu kazi yote inayoelezwa hapa. Weka kila mwanafunzi kwenye mstari wake na kila swali kwenye safu yake. Jambo la muhimu kuliko yote ni kuandika herufi aliyoichagua mwanafunzi, wala si alama ya kupata au kukosa, kwa kuwa ukishaandika 0 umefuta habari ambayo ulihangaika kuitungia swali. Asiyekuwepo darasani mwachie kisanduku kitupu, usimwekee sifuri.

Tuseme majibu ya swali la kwanza ya wanafunzi 40 yako kuanzia kisanduku B2 hadi B41. Fomula =COUNTIF(B2:B41,"C") itakuhesabia waliochagua C, na =COUNTIF(B2:B41,"C")/COUNTA(B2:B41) itakupa sehemu yao kati ya wale waliojibu tu. (Katika baadhi ya mipangilio ya lugha, programu hudai nukta mkato badala ya mkato ndani ya fomula, likitokea kosa lisiloeleweka, jaribu hilo kwanza.) Tumia pia amri ya kupaka rangi visanduku kulingana na kilichomo, ili majibu sahihi ya maswali yote yawe na rangi moja, na kila herufi ya kosa iwe na rangi yake. Ukishapanga mistari kuanzia mwenye jumla kubwa hadi mwenye jumla ndogo, na safu kuanzia swali rahisi hadi gumu, picha ya darasa hujitokeza yenyewe: pembe moja ya jedwali itajaa rangi ya majibu sahihi, na kisanduku chenye rangi ngeni katikati ya pembe hiyo kitakuonyesha mwanafunzi hodari aliyekosa swali jepesi. Huyo anastahili kuulizwa kabla hajafundishwa upya.

Vipimo viwili vinafaa kuhesabiwa kwa kila swali. Cha kwanza ni sehemu ya wanafunzi waliopata. Cha pili ni tofauti kati ya wanafunzi wa juu na wa chini: chukua 10 wenye jumla kubwa na 10 wenye jumla ndogo, na kama 9 wa kundi la kwanza walipata swali fulani na 3 tu wa kundi la pili walilipata, tofauti ni 6 kwa 10, yaani 0.6, na hilo ni swali linalotenganisha vizuri. Tofauti ikikaribia sifuri, swali ama ni jepesi kwa wote, ama ni gumu kwa wote, ama halieleweki. Ikiwa chini ya sifuri, yaani wanafunzi dhaifu wanalipata kuliko walio hodari, kwanza kagua majibu yako mwenyewe ya kusahihishia, kwani mara nyingi mwenye kosa ni mtunzi wa swali.

Kuchagua kifaa kulingana na darasa lako

Darasa ambalo mwalimu peke yake ndiye mwenye simu lina nafasi nzuri kuliko linavyodhaniwa. Zipo programu kama Plickers ambazo humpa kila mwanafunzi karatasi iliyochapishwa umbo lake la pekee, lenye pande nne zinazowakilisha A, B, C na D. Mwanafunzi huigeuza karatasi ili upande wa jibu lake uwe juu, mwalimu hupitisha kamera ya simu mbele ya darasa, na majibu ya wote hurekodiwa. Kwa kuwa kila umbo ni tofauti, jirani hawezi kunakili kwa kutazama karatasi ya mwenzake. Pasipo simu kabisa, kidole kimoja hadi vinne (kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea) ambavyo wanafunzi wote huviinua kifuani kwa wakati mmoja hutoa picha ya haraka, ingawa haitahifadhika isipokuwa mwalimu aandike.

Palipo na kompyuta chache lakini pasipo na intaneti ya uhakika, mfumo kama Kolibri unaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vikaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani wa shule. Mwalimu huona nani amemaliza zoezi lipi na amekwama wapi. Palipo na intaneti na vifaa vya kutosha, fomu za mtandaoni na mifumo ya kuendeshea masomo kama Moodle, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, husahihisha maswali ya kuchagua yenyewe na kukupa jedwali lililokwisha kujazwa.

Kuna tahadhari moja kuhusu mifumo hiyo. Skrini zake hupenda kuonyesha vitu vinavyohesabika kwa urahisi: dakika alizotumia mwanafunzi, video alizofungua, siku mfululizo alizoingia. Saa ya mfumo huendelea kuhesabu hata mwanafunzi akiwa ameondoka mezani, na video inaweza kucheza bila mtazamaji. Zipe uzito takwimu za majibu, na za muda uzitumie kama ishara ya kuuliza tu. Mwanafunzi aliyejibu maswali kumi marefu kwa nusu dakika huenda hakuyasoma, na hilo ni jambo la kuzungumza naye kabla ya kumwekea mpango wa marudio.

Namba zisikukimbize

Darasa la wanafunzi 40 ni kundi dogo. Kila mwanafunzi ni sawa na asilimia 2.5, hivyo ukisikia kwamba ufaulu umepanda kwa asilimia 5 kati ya jaribio moja na jingine, jua kwamba wanazungumziwa watu wawili, ambao pengine walilala vizuri zaidi safari hii. Jaribio la maswali 10 yenye machaguo manne humpa anayekisia tu wastani wa maswali 2 hadi 3. Kwa hiyo alama 3 na alama 2 hazina tofauti yoyote ya kujengea uamuzi.

Lipo pia jambo ambalo Francis Galton alilieleza katika karne ya 19 alipokuwa akilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: vipimo vilivyo kwenye ncha huelekea kurudi karibu na wastani vinapopimwa tena. Ukiwachukua wanafunzi watano waliopata alama za chini kabisa katika jaribio moja na kuwapa masomo ya ziada, baadhi yao wangepanda hata bila masomo hayo, kwa sababu siku ile walikuwa na bahati mbaya. Kinga yake si ngumu: usimweke mwanafunzi kwenye kundi la msaada kwa jaribio moja tu, na usijisifu kwa njia mpya kabla hujaiona ikifanya kazi kwenye mada mbili au tatu.

Mahudhurio yasomwe pamoja na majibu. Mwanafunzi aliyekosa swali kwa kuwa hakuwepo siku ya kufundishwa ana tatizo jingine kabisa na yule aliyekuwepo na bado akakosa, na safu moja ya ziada kwenye jedwali inatosha kuwatenganisha.

Kubadilisha kipindi chenyewe

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusimamisha mhadhara wake kwa swali la dhana, kila mwanafunzi akijibu peke yake kwanza. Mwongozo uliotokana na utaratibu wake unafaa darasa lolote. Wanaopata wakiwa chini ya takriban asilimia 30, wanafunzi hawana cha kusaidiana, na mwalimu hurudi kufundisha. Wakiwa kati ya 30 na 70, huwaambia wamtafute jirani mwenye jibu tofauti, wajadiliane, kisha wajibu tena. Wakizidi 70, hutoa maelezo mafupi na kusonga mbele. Uzuri wake ni kwamba uamuzi hufanyika ndani ya dakika chache, mada ikiwa bado iko ubaoni, na kwamba anayemwelekeza mwenzake ni mtu aliyeelewa muda mfupi uliopita na bado anakumbuka alikokuwa amekwama.

Kurudi kufundisha hakumaanishi kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Kama majibu yameonyesha kwamba tatizo ni kuzisoma desimali kama namba nzima, mwalimu anaweza kushawishika kuwafundisha kuongeza sifuri ili 0.6 iwe 0.600 na 0.85 iwe 0.850. Njia hiyo itatoa majibu sahihi mara moja, lakini pia itaficha tatizo, kwa sababu wanafunzi wataendelea kulinganisha 600 na 850 kama namba nzima. Ukanda wa karatasi uliogawanywa sehemu kumi, na moja ya sehemu hizo ikagawanywa tena kumi, au mstari wa namba wanaoujaza wenyewe, hushughulikia fikra yenyewe. Yule mwenye fikra ya pili ana hitaji jingine: yeye anajua ukubwa wa kila sehemu lakini anasahau kuhesabu ngapi anazo. Dakika 15 za makundi mawili, kila moja na kazi yake, zitafaa kuliko kipindi kizima cha marudio kwa wote.

Makundi yafuate dhana na yavunjike dhana inapoeleweka. Shirika la Pratham la India limejulikana kwa njia inayowapanga watoto, kwa sehemu ya siku, kulingana na kiwango chao cha kusoma au kuhesabu na si kulingana na umri au darasa, baada ya kipimo kifupi cha ana kwa ana kinachoonyesha kama mtoto anatambua herufi, neno, aya au hadithi. Kipimo hurudiwa, na mtoto huhama. Kundi lisilohamika huwa jina la kudumu, na mwanafunzi hulijua mapema kuliko mwalimu anavyodhani, hata kama limepewa jina la ua au la ndege. Majedwali yenye rangi nyekundu karibu na jina la mtu huongeza hatari hiyo, ndiyo maana napendelea rangi ziwe za majibu wala zisiwe za wanafunzi.

Marejesho, na kupima tena

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliorudishiwa kazi zikiwa na maoni tu, waliorudishiwa zikiwa na alama tu, na waliorudishiwa zikiwa na vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio walioendelea vizuri zaidi, na kuongeza alama juu ya maoni kulififisha faida ya maoni. Mifumo mingi ya kisasa imetengenezwa kinyume na hilo: mwanafunzi akibonyeza kitufe cha mwisho, kitu cha kwanza anachokiona ni alama. Ingia kwenye mipangilio na uzime uonyeshaji wa alama pale inapowezekana, halafu tumia nafasi ya maelezo iliyo chini ya kila chaguo kuandika kitu kinachomrudisha kazini, kwa mfano: "Umelinganisha 274 na 85. Chora mstari wa namba kutoka 0 hadi 1, uweke zote mbili, kisha jibu tena." Maelezo hayo huandikwa mara moja na kutumika kila mwaka.

Kupatia leo si ushahidi wa kukumbuka mwezi ujao. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi mambo yaliyokaririwa yanavyopotea kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na wale waliojipima kukikumbuka: baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa mwalimu, matokeo haya yanamaanisha kwamba jaribio ni sehemu ya kujifunza kwenyewe. Katika kila jaribio fupi weka maswali mawili ya mada ya wiki mbili au tatu zilizopita, yenye muundo ule ule na namba tofauti, na uyape safu zake kwenye jedwali. Hizo ndizo safu zitakazokuambia kama marekebisho uliyoyafanya yalidumu.

Siri za wanafunzi na akili unde

Tumia namba badala ya majina kwenye faili linalotembea, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki mahali pengine. Weka nywila, usitume jedwali la darasa zima kwenye kundi la wazazi, na ufute taarifa zisizohitajika tena mwaka unapokwisha. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, zinasisitiza kukusanya kile tu kinachohitajika kwa kusudi linalojulikana, jambo ambalo yule aliyeandika sentensi yake ya uamuzi tangu mwanzo ameshalitimiza kwa kiasi kikubwa.

Programu za akili unde zinaweza kukuandikia rasimu ya maswali 20 kwa muda mfupi sana, na zinaweza kupendekeza makundi ya makosa kutoka kwenye majibu ya maelezo. Usiziingizie jina la mwanafunzi wala kazi inayomtambulisha. Jibu kila swali wewe mwenyewe kabla ya kuliamini jibu lililotolewa, kwa kuwa programu hizi hukosea kwa lugha ile ile ya kujiamini zinayoitumia zinapopatia. Zaidi ya hapo, machaguo ya makosa zinayoyabuni mara nyingi huwa ya jumla, wakati wewe una rundo la madaftari lenye makosa halisi ya watu utakaowafundisha kesho.

Mzunguko wa kwanza

Chagua darasa moja na mada moja, ile ambayo kila mwaka inakusumbua. Tunga maswali matano: mawili ya dhana kuu, moja la hatua inayotangulia, na mawili ya mada iliyopita. Yatoe dakika kumi kabla ya mwisho wa kipindi, na uingize majibu siku hiyo hiyo. Darasa la watu 40 lina majibu 200, na mwalimu mwenzako akikusomea herufi huku wewe ukiandika, kazi huwa nyepesi zaidi. Angalia kwanza jibu la kosa lililochaguliwa na wengi kuliko yote, na kabla ya kuamua limetokana na nini, waite wanafunzi wawili au watatu waliolichagua, uwaombe wakueleze walivyofikiri. Mara kwa mara utakuta sababu ambayo hukuitarajia, kama vile neno la swali lililoeleweka visivyo, na jedwali peke yake lisingekuambia hilo.

Ukishafundisha kipindi kilichorekebishwa, andika kwenye sehemu ya tathmini ya andalio lako la somo mambo matatu kwa ufupi: wanafunzi wangapi walichagua kosa lipi, ulibadilisha nini, na wangapi walilirudia kosa hilo wiki mbili baadaye. Sehemu hiyo walimu wengi huijaza kwa maneno "somo limeeleweka", na mwaka unaofuata inakuwa haina msaada wowote. Ikiwa na mambo hayo matatu, utaifungua kabla ya kuanza mada ile ile na darasa jipya, na maswali yako matano yatakuwa tayari, pengine moja likiwa limebadilishwa kwa sababu tofauti yake ilikuwa chini ya sifuri.